Kumfuata rubani wa miaka 20: Lincoln, Köln, Bree, Heverlee

Jumamosi, London

Nimeshuka Green Park na begi mgongoni, mvua inanyunya ile ya Kiingereza ambayo haianzi wala haiishi. Safari hii nimeipanga iende kama ilivyokwenda ndege yenyewe: Lincoln ilikopaa, Köln ilikodondosha mabomu, Bree ilikoangukia, na mwisho Heverlee alikozikwa rubani wake. London haimo katika njia hiyo. Nimepita hapa kwa sababu nauli ilikuwa nafuu, na kwa sababu ya paa moja nililotaka kuliona.

Rubani anaitwa Leslie Manser. Alizaliwa New Delhi tarehe 11 Mei 1922, akakulia India na baadaye Uingereza, akajiunga na jeshi la anga la Uingereza mwaka 1940. Usiku wa kuamkia 31 Mei 1942 alikuwa na miaka 20 na siku 19. Nilipokuwa nasoma Leuven nilikuwa napita na baiskeli kando ya makaburi aliyozikwa, siku ya jua na siku ya theluji, na siku moja niliingia tu kupumzisha miguu. Jiwe lake lina alama tofauti na ya wenzake, msalaba mpana uliochongwa, na hiyo ndiyo iliyonifanya niulize.

Jengo la kumbukumbu la Kamandi ya Mabomu, tawi la jeshi la anga la Uingereza lililorusha ndege za mabomu, liko upande wa Hyde Park Corner, nguzo nyeupe kama za mahekalu ya Wagiriki, na ndani yake wanaume saba wa shaba wamesimama na mavazi yao ya kurukia. Ni warefu kuliko binadamu wa kawaida, ila nyuso zao ni za watu waliochoka. Mmoja anatazama juu, kama anayehesabu ndege zinazorudi. Malkia Elizabeth alilizindua tarehe 28 Juni 2012, miaka 67 baada ya vita kwisha. Marubani wa ndege ndogo za kivita walikwisha kusifiwa zamani. Hawa wa mabomu wakasubiri mpaka wengi wao wakafa kwa uzee, na hata medali ya kampeni yao hawakupewa. Mwaka 2013 ndipo walipopewa kipande cha chuma cha kubandika kwenye utepe wa medali nyingine.

Sababu inajulikana, japo pale hakuna aliyekuwa akiitaja. Watu hawa walichoma miji. Kati ya wanandege wapatao 125,000 waliopita katika kamandi hiyo, wote wa kujitolea, walikufa 55,573, karibu nusu. Na chini yao, huko Hamburg, Köln na Dresden, waliokufa walikuwa wengi zaidi, na wengi wao hawakuwahi kushika bunduki.

Paa sasa. Dari ya ndani imetengenezwa kwa bati la aluminiamu lililotoka kwenye mabaki ya ndege aina ya Halifax yenye namba LW682, iliyotunguliwa Mei 1944 ikazama kwenye kinamasi karibu na Geraardsbergen, Ubelgiji. Waliifukua mwaka 1997, na watatu kati ya wanandege wake wa Kanada walikuwa bado humo ndani, zaidi ya miaka 50 baadaye. Walizikwa kwa heshima zote. Nimesimama chini ya bati hilo nikitazama juu mpaka shingo ikauma, na mzee mmoja wa Kiingereza akanisogelea, akadhani nimepotea njia ya kwenda ikulu ya mfalme.

Jumapili, Lincoln

Treni imepita katika nchi tambarare kweli kweli, mashamba mpaka macho yanachoka. Ndiyo maana walijenga hapa viwanja vingi vya ndege: ardhi haina vilima, na Ujerumani iko ng'ambo ya bahari tu. Kilima kimoja cha maana ni hiki chenye kanisa kuu la Lincoln juu yake. Marubani waliokuwa wakirudi alfajiri walilitafuta kanisa hili kwa macho, minara yake mitatu ikitokeza juu ya ukungu, wakajua wamefika nyumbani.

Ng'ambo ya kanisa, kwenye kilima cha Canwick, kuna kituo cha kumbukumbu kilichofunguliwa mwaka 2018. Katikati yake umesimama mnara wa chuma chenye rangi ya kutu, urefu wake mita 31 na kidogo, sawa na upana wa mabawa ya ndege ya mabomu aina ya Lancaster kutoka ncha hadi ncha. Kuuzunguka kuna kuta za chuma hichohicho, na kwenye kuta hizo majina karibu 58,000. Nimelitafuta jina lake, nimelipata, nikapitisha kidole kwenye kingo za herufi. Chuma kilikuwa baridi na kimelowa. Ukilisogelea jina moja unalisoma. Ukirudi nyuma hatua chache unaona kutu tu.

Ndani ya kituo nimekaa muda mrefu kuliko nilivyopanga. Kumbe Waafrika nao walikuwamo. John Henry Smythe wa Sierra Leone alikuwa mwongoza njia wa ndege ya mabomu, akatunguliwa Novemba 1943, akashikwa na Wajerumani na kufungwa mpaka vita vikaisha. Baadaye akawa mwanasheria mkuu wa nchi yake. Walikuwapo na wa Nigeria, wa Gold Coast ya wakati ule, na mamia kutoka visiwa vya Karibi. Mama mmoja anayejitolea hapo alinieleza haya huku akinimiminia chai yenye maziwa machache mno. Nilipomwambia namfuata Manser aliniuliza kama nimeshakwenda shuleni kwake. Nikadhani anazungumzia alikosoma.

Jumatatu, Skellingthorpe na East Kirkby

Alikuwa anazungumzia shule ya msingi. Kikosi cha 50 alichokuwamo Manser kilikuwa na kambi Skellingthorpe, pembezoni mwa mji. Uwanja huo wa ndege haupo tena. Umejengwa nyumba, mtaa mzima unaoitwa Birchwood, na katikati ya nyumba hizo iko shule ya msingi inayobeba jina lake. Nimefika wakati wazazi wanawachukua watoto. Wadogo wanakimbia na mikoba inayowazidi, mmoja analilia biskuti, mwingine amekaa chini hataki kwenda. Hapa hapa, saa tano za usiku, ndiko ilikopaa ndege yenye mabomu ya moto 1,260 tumboni.

Kuna jiwe la kumbukumbu la kikosi cha 50 na cha 61 kando ya barabara, na maua mapya. Nimepita haraka kwa sababu nilikuwa nimepata lifti.

Lifti ilikuwa ya kwenda East Kirkby, mwendo wa kama saa moja, ambako kuna Lancaster moja ambayo bado injini zake nne zinawaka, ingawa haijaruka kwa miaka mingi. Manser hakurusha Lancaster. Alirusha Manchester, mama yake Lancaster, ndege yenye injini mbili tu za Rolls-Royce aina ya Vulture zilizokuwa na sifa mbaya ya kuchemka na kushika moto. Hakuna Manchester nzima iliyobaki duniani. Ukitaka kujua mwili wake ulivyokuwa, ingia kwenye Lancaster, maana walichofanya mafundi ni kurefusha mabawa na kuweka injini nne za Merlin.

Na ndege hii ipo kwa ajili ya kijana mwingine. Chris Panton alikuwa fundi wa injini katika Halifax, akauawa akiwa na miaka 19 kwenye shambulio la Nuremberg, usiku wa kuamkia 31 Machi 1944, usiku ambao Waingereza walipoteza ndege 95 kwa mkupuo, hasara kubwa kuliko zote walizopata kwa usiku mmoja. Wadogo zake wawili, Fred na Harold, walikuja kuwa wakulima na wafuga kuku. Mwaka 1983 waliinunua Lancaster hii, wakaiweka kwenye uwanja wa zamani wa East Kirkby waliokuwa wameununua, kwa ajili ya kaka yao. Mtu mwingine angechonga jiwe.

Nimeruhusiwa kuingia na kundi la watalii. Ninayoyaandika sasa nayaandika na goti lililochubuka. Kutoka mlango wa nyuma kwenda kwa rubani unatembea umeinama, gizani, juu ya sakafu inayopanda. Katikati unakutana na boriti nene ya chuma inayoshika mabawa. Imekatiza njia nzima kufikia kiunoni. Inabidi uiparamie. Mimi nilikuwa na viatu vya raba na shati, ndege imesimama, taa zinawaka, na bado niligonga goti. Wao waliiparamia wakiwa na koti la manyoya, buti, mikanda ya parachuti, kofia na kinyago cha hewa. Na siku mambo yalipoharibika waliiparamia ndege ikiinama upande, moshi umejaa. Mkiani ndiko anakokaa mpiga bunduki, peke yake, mgongo kwa wenzake, mahali pembamba kiasi kwamba parachuti yake aliining'iniza nje ya kibanda chake. Ikibidi kuruka, kwanza afungue milango midogo nyuma yake, ajipinde, aichukue, aivae.

Nilikaa kidogo kwenye kiti cha rubani. Ni kiti kimoja. Anayemsaidia hana kiti chake cha maana pembeni, anasimama au anakalia kitu cha kukunja. Hilo lilikuja kunisaidia kuelewa yaliyotokea angani juu ya Bree.

Jumanne, njiani

Siku nzima treni: Lincoln, London, chini ya bahari, Brussels, Köln. Mpakani nimeonyesha viza ya Waingereza na viza ya Ulaya, barua ya benki, na tikiti ya kurudi. Manser alivuka bahari hiyo hiyo kwa muda mfupi bila karatasi yoyote, ila alivuka akipigwa risasi, kwa hiyo silalamiki sana.

Jumatano, Köln

Nimeamka mapema nikapanda ngazi za mnara wa kanisa kuu, ngazi 533, mapafu yakaniambia umri wangu. Kutoka juu unaona mto Rhine, madaraja, na mji ambao karibu wote ni wa baada ya vita. Ukitazama majengo unaona wazi: ya miaka ya 50, ya miaka ya 60, ya juzi. Kanisa lilipigwa na mabomu kadhaa likabaki limesimama, na mji uliolizunguka ukageuka kifusi. Köln ilishambuliwa kwa ndege mara 262 mpaka vita vinakwisha.

Ule wa Manser ulikuwa usiku wa ndege elfu. Mkuu wa kamandi, Arthur Harris, alitaka namba inayotisha, elfu kamili kwenda juu, wakati ndege zake za kawaida zilikuwa hazifiki nusu ya hapo. Akazoa mpaka ndege za mafunzo, na walimu wake, na wanafunzi wao ambao hawajamaliza masomo. Zikapaa 1,047. Zilipangwa zipite juu ya mji kwa dakika 90, mfululizo, ili wazima moto na mizinga ya chini zilemewe. Walilemewa kweli. Waliokufa walikuwa kama 470, na watu 45,000 wakapoteza makazi. Waingereza walipoteza ndege zaidi ya 40.

Ndege aliyopewa Manser usiku huo, namba L7301, ilikuwa chakavu. Ikiwa imebeba mzigo wake wote haikuweza kupanda zaidi ya futi 7,000, injini zinachemka. Wenzake walikuwa juu zaidi. Yeye aliamua aendelee hivyo hivyo, kwa hoja kwamba mizinga ya chini itakuwa inawalenga wale wa juu. Hoja hiyo ilishindwa. Taa za kumulika zilimnasa, mizinga ikampata, lakini alishadondosha mabomu yake. Akashusha ndege mpaka futi 800 kuzikwepa taa, mpiga bunduki wa mkiani amejeruhiwa, moshi umejaa ndani. Akaipandisha tena mpaka futi 2,000, injini ya kushoto ikalipuka moto, moto ukalamba bawa.

Hapo wangeweza kuruka wote, wakashikwa na Wajerumani, wakangoja vita viishe. Manser aliona akijaribu huenda akawafikisha nyumbani. Moto wa bawa ukazima wenyewe baada ya dakika kama kumi. Wakatupa nje kila kitu kizito walichoweza kung'oa. Ndege ikaendelea kushuka kidogo kidogo, injini moja, kuelekea magharibi.

Mchana nimekwenda kwenye magofu ya kanisa la Mtakatifu Alban, katikati ya mji. Hawakulijenga upya. Wameliacha bila paa, na ndani yake, nyuma ya nondo za lango, wamepiga magoti baba na mama wa jiwe, kila mmoja kivyake, hawagusani. Ni nakala ya sanamu za Käthe Kollwitz, aliyezichonga kwa ajili ya mwanawe Peter, aliyeuawa Ubelgiji Oktoba 1914 akiwa na miaka 18. Zile za asili ziko kwenye makaburi ya Wajerumani huko Vladslo, Ubelgiji. Baba amejikumbatia mikono, uso wake umekaza kama wa mtu anayezuia kutapika. Mama ameinama.

Nimekaa pale nikimfikiria Manser, na ikabidi nijiulize namfikiria vipi mahali hapa. Kumlilia kijana aliyeungua ndani ya ndege yake, nikiwa nimesimama katika mji aliouchoma saa moja kabla. Sina jibu la kupendeza. Ninachoweza kusema ni kwamba ushujaa wake ulikuwa kwa watu sita waliokuwa naye ndani ya chombo, na huo hauna ubishi. Yaliyotokea chini ni jambo jingine, nalo pia halina ubishi. Mtu wa Köln akikataa kumwekea ua, sitamlaumu.

Alhamisi, Bree na Molenbeersel

Hii ndiyo siku niliyokuwa naingoja. Treni mpaka Genk, kisha basi linalosimama kila penye nyumba mbili. Bree ni mji mdogo wa Limburg, kaskazini mashariki mwa Ubelgiji, wenye kanisa, uwanja, na maduka ya mikate yanayofungwa mchana. Nimekodi baiskeli. Limburg ndiko walikobuni ule utaratibu wa njia za baiskeli zenye namba, kwa hiyo huulizi mtu: unaandika namba zako mkononi kwa kalamu na kuzifuata kibao kwa kibao.

Njia imenipeleka upande wa Molenbeersel, karibu kabisa na mpaka wa Uholanzi, kwenye kinamasi kinachoitwa Stamprooierbroek. Matete, mifereji iliyonyooka, miti ya mipopla, ng'ombe weupe na weusi. Udongo mweusi, na ukikanyaga nje ya njia kiatu kinanywa maji. Kumbukumbu ya Manser imesimama huku tangu mwaka 2004.

Yalikuwa hivi. Ndege ilipokuwa haishikiki tena, Manser aliwaamuru waruke. Wakatoka mmoja mmoja. Wa mwisho kubaki naye alikuwa rubani msaidizi, Leslie Baveystock, jina moja na lake. Baveystock akachukua parachuti ya Manser, akajaribu kuibana kwenye mikanda ya kifua chake. Manser akaisukuma, akamwambia aondoke, kwa sababu ilikuwa imebaki nukta chache tu za kuishikilia ndege isipinduke. Nikikumbuka kile kiti kimoja cha East Kirkby naelewa. Rubani akiachia usukani ili afungwe kitu kifuani, ndege inalala upande mmoja, na hakuna anayetoka.

Baveystock aliruka kutoka chini mno. Parachuti yake haikuwahi hata kufunguka vizuri. Kilichomwokoa ni maji. Aliangukia kwenye mfereji. Nimesimama kwenye daraja dogo la ubao juu ya mfereji mmoja, sijui kama ni ule, maji ya kahawia yana utando wa majani, kina chake labda kifuani. Nikatupa kijiti kuona kama maji yanakwenda. Hayaendi.

Ndege ilianguka hapo jirani ikawaka moto, na Manser ndani.

Mwongoza njia aliumia akashikwa. Wale watano wengine waliokotwa na watu wa vijiji hivi, wakulima, watu waliojua kabisa adhabu ya kumficha Mwingereza ni kifo. Wakafichwa, wakavishwa nguo za kiraia, wakapelekwa Liège, kisha wakakabidhiwa kwa mtandao wa siri ulioitwa Comète. Mtandao huo uliongozwa na msichana wa Brussels, Andrée de Jongh, aliyeuanzisha mwaka 1941 akiwa na miaka 24. Aliwasindikiza wanandege kwa treni mpaka kusini kabisa mwa Ufaransa, kisha kwa miguu, usiku, juu ya milima ya Pirenei mpaka Hispania, na wakarudi kwao Uingereza kupitia Gibraltar. Wale watano wote walifika, na baada ya wiki chache walikuwa wamekaa mbele ya maofisa wao wakieleza kilichotokea kwenye ndege.

Ndiyo maana Oktoba 1942 Manser akatunukiwa Victoria Cross, nishani ya Uingereza ya ushujaa iliyo kubwa kuliko zote. Bila msichana yule, L7301 ingekuwa mstari mmoja katika daftari: haikurudi. Usiku ule zaidi ya ndege 40 hazikurudi, na nyingi kati yake hazikuacha hata mtu mmoja wa kusimulia. Ni marubani wangapi wengine walioshikilia usukani mpaka mwisho?

Huyo Andrée de Jongh naye hakumaliza vizuri mara moja. Januari 1943 alikamatwa mpakani mwa Hispania, akapelekwa kambi ya Ravensbrück, akapona. Vita vilipokwisha akasomea uuguzi, akaenda Kongo ya Wabelgiji kuwahudumia wagonjwa wa ukoma, na baadaye Ethiopia. Huenda yuko mtu Kongo ambaye bibi yake alifungwa vidonda na mikono iliyowavusha watu Pirenei, na hajui. Alifariki Brussels mwaka 2007.

Basi la mwisho la kurudi Genk lilinikuta nakimbia. Baiskeli nimeirudisha ina matope, mwenye duka akaniuliza nimekwenda wapi, nikamwambia. Akasema babu yake alikuwa akisimulia habari za ile ndege, kisha akakataa kunitoza faini ya kuchelewa.

Ijumaa, Heverlee

Kutoka stesheni ya Leuven ni kama kilomita tatu, nimetembea. Rafiki yangu wa zamani, Mkenya anayemalizia shahada ya uzamivu hapa, amekuja nami. Hajawahi kuingia, ingawa amepita hapo miaka na miaka.

Makaburi karibu elfu moja, mawe meupe yanayofanana, nyasi zilizokatwa kama zulia, waridi kati ya jiwe na jiwe. Wengi ni wanandege. Ukitembea polepole unaanza kuona mafungu: mawe matano, sita, saba yamebanana, tarehe moja. Hao ni ndege moja. Umri: 21, 20, 23, 19, 22. Mwenzangu alianza kuzisoma kwa sauti, akaacha.

Jiwe la Manser halibananishwi na mtu. Tarehe 31 Mei 1942, umri 20. Badala ya msalaba wa kawaida wamemchongea ule wa Victoria Cross. Mtu aliweka ua la karatasi jekundu, la zamani, rangi imekwisha.

"Sasa huyu umemfuata tangu London," mwenzangu akasema. "Mimi swali langu ni moja. Wa kwetu je?"

Nilijua litakuja. Tume inayotunza makaburi haya, ya Jumuiya ya Madola, ndiyo inayotunza na yale ya Dar es Salaam kando ya barabara ya Bagamoyo, na ya Taveta, na ya Voi. Msingi wake tangu mwanzo ulikuwa usawa: kila aliyekufa atajwe kwa jina, bwana na askari sawasawa. Aprili 2021 tume hiyo yenyewe ilitoa ripoti ikakiri kwamba katika Vita vya Kwanza msingi huo haukufuatwa kwa Waafrika, Waasia na Waarabu. Watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, hawakuandikwa majina yao popote, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao ni wapagazi, wale waliobebeshwa risasi na unga kutoka Mombasa na Dar mpaka Rufiji na Ruvuma, wakafa kwa kuhara, malaria na njaa.

"Na pale Nairobi," akaendelea, "Kenyatta Avenue, kuna zile sanamu tatu. Maandishi yake yanasema ukipigania nchi yako, hata ukifa wanao watalikumbuka jina lako. Umewahi kuzunguka ukaona jina hata moja?"

Sijawahi, kwa sababu hakuna.

Nikamwambia kwamba huyu Manser asingeandikwa zaidi ya mstari mmoja kama wale watano wasingefika nyumbani. Kwamba kuna watu walihatarisha roho ili habari zake zifike. Akasema, "Ndiyo. Na aliyefika nyumbani kutoka Rufiji, nani alimkalisha mbele ya ofisa amweleze?" Tukanyamaza kidogo. Kisha akaniambia kwamba babu wa baba yake alichukuliwa kutoka Kitui akapelekwa upagazi, na familia inalo jina na kijiji, basi. Karatasi hawana. Tume inasema siku hizi inatafuta majina katika kumbukumbu za Nairobi na kwingineko. Nikamwuliza kama ameshawaandikia. Hajaandika.

Langoni kuna kisanduku cha chuma chenye daftari la wageni. Mwenzangu amelichukua, akapekua kuona walioandika: Waingereza, Wakanada, Wabelgiji wengi, darasa zima la watoto. Akaandika jina la yule babu wa Kitui, mwaka 1917, na mbele yake, kwa Kiswahili, "hakurudi". Nikamwambia daftari ni la wageni wa makaburi haya, watunzaji hawataelewa. Akasema wataelewa, watauliza mtu, na akataka nimnunulie chakula kwa sababu nimemtembeza bila kifungua kinywa.

Tumekula wali na kuku kwa Mkongomani karibu na stesheni. Treni yangu ya uwanja wa ndege ni saa moja na robo jioni.